Bibi Alianza Lini Kusali Kwenye Kiti?

Msimu wa karafuu ukipamba moto hapa Pemba, kitengo chetu cha dharura hujaa vijana. Kijana kateleza kwenye tawi, kaletwa nyuma ya gari, watu wanne wamemshika kila mmoja kwa namna yake, na spitali nzima inakimbia. Ni haki yake. Aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu huenda kavunjika shingo, na ukimgeuza ovyo unaweza kumpoozesha. Nami hukimbia na wenzangu. Lakini mara nyingi, nyuma ya kishindo hicho, kuna kiti cha magurudumu kimeegeshwa ukutani, na juu yake bibi kajifunika kanga, katulia, haombi kitu. Kaanguka naye, ila yeye hakupanda popote. Alikuwa anakwenda msalani kabla ya alfajiri. Kwenye daftari la mapokezi kaandikwa "kaanguka, maumivu kiasi". Huyo ndiye wangu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea kwenye spitali kubwa ya KCMC kule Moshi, baridi ikanitafuna mpaka nikamaliza, nikarudi kwetu. Wagonjwa huniita "yule wa mazoezi", na wapo wanaojifanya wamelala wakiniona naingia wodini. Sasa ndimi mkubwa wa kitengo, na ukubwa wenyewe ni kupanga zamu za watu wachache na kubishana na madaktari. Wengi wanadhani sisi huitwa plasta ikishafunguliwa. Kwa mzee mie nataka niitwe mapema, kabla hajapewa kitanda, kwa sababu nakiogopa kitanda.

Sisemi hivi kwa ushabiki. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza wazee wazima, wenye afya zao, siku 10 mfululizo, na miguu ikapungua kiasi cha kilo moja ya nyama. Hao walikuwa wanakula vizuri na hawana maradhi. Sasa mchukue bibi wa miaka 80 mwenye homa, anayekunywa uji vijiko vitatu, umwambie alale apumzike. Akiingia akitembea kwa kushika ukuta, baada ya wiki atatoka kabebwa.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo huwa si wapi panauma. Nauliza: wiki mbili zilizopita, kabla ya haya, alikuwa anafanya nini mwenyewe? Hapo ndipo mtoto mkubwa wa kiume husogea mbele. Kaja na boti kutoka Unguja, au yuko Omani na simu imewekwa sauti ya juu ukumbi mzima usikie. "Mama yuko vizuri tu, anatembea, anakula, hana tatizo." Namsikiliza kwa adabu zote, kisha natafuta kwa macho aliyesimama nyuma kabisa, mkaza mwana au mjukuu, aliyeshika chupa ya chai na mfuko wa nguo. Huyo ndiye anayelala naye nyumba moja. "Bibi siku hizi anashika ukuta," atasema kwa sauti ndogo. "Na maji ya udhu tunamwekea ndani." Maneno hayo yananitosha kuanza kazi.

Kisha nauliza alianza lini kusali kwenye kiti. Swali hili sikulisoma Moshi. Mzee anayesujudu chini na kunyanyuka mwenyewe, sala baada ya sala, ana mapaja, ana magoti yanayokunjika, na anaweza kuumiliki mwili wake. Ningetaka kumpa zoezi, nisingepata bora kuliko hilo. Aliyehamia kwenye kiti miaka mingi nyuma kwa ajili ya magoti hanitishi sana. Lakini yule aliyekuwa akisali chini mpaka Ramadhani, akahamia kwenye kiti Mfunguo Tatu, na wiki hii kasali kitandani, huyo anateremka haraka, na kuanguka kwake ni dalili ya kitu kingine tunachopaswa kukitafuta. Watu wetu hawakumbuki tarehe za kliniki, ila hili hawalisahau.

Pencheni nayo ni swali zuri. Serikali ya Zanzibar ilipoanzisha pencheni jamii mwaka 2016 kwa wazee waliofika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, haikukusudia kunisaidia mimi, lakini imenisaidia. "Nani huenda kuchukua pencheni yake?" Akiwa anakwenda mwenyewe, anakaa foleni, anazihesabu na kugombana na wenzake, basi miguu ipo na akili ipo. Ikiwa mjukuu humchukulia, nauliza tangu lini.

Kipimo rasmi cha udhaifu wa uzeeni tunacho. Kilitungwa Kanada na Kenneth Rockwood na wenzake, kikatoka mwaka 2005 kikiwa na ngazi 7, baadaye zikawa 9: ya 1 ni mzee mkakamavu kuliko wenzake, ya 9 ni yule ambaye safari yake imekaribia. Nakipenda na ninawafundisha vijana wangu wakitumie. Ila kinataka kujua habari za kusimamia fedha na usafiri, na bibi zangu wengi hawajawahi kushika kitabu cha benki hata walipokuwa na miaka 30. Ukimpa ngazi mbaya kwa sababu hiyo utakuwa umemdhulumu. Ndiyo maana nauliza kama bado anakaa uani kuchambua karafuu, na kama siku hizi makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanamponyoka yakaingia kwenye fungu la karafuu.

Nimtaje bibi mmoja, na nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Aliletwa kwa kuanguka, mara ya pili mwezi huo huo. Eksirei ilitoka safi. Daktari wa zamu, kijana hodari lakini ana foleni mpaka mlangoni, alikwisha andika alazwe kwa uangalizi. Nikamwomba robo saa. Nikampima bibi presha akiwa amelala: 152 kwa 84. Nikamsimamisha, mkono wangu mmoja kiunoni kwake, mwingine chini ya kiwiko. Dakika moja baadaye ile ya juu ilikuwa 116. Bibi akanishika bega. "Mwanangu, nyumba inazunguka." Nikamrudisha kitako taratibu.

Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hapo pana jambo. Nikauliza dawa zake ziko wapi. Mtoto wake akasema ziko nyumbani. Bibi mwenyewe akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi mbili za vidonge, moja ya fedha na moja ya kijani. Majina ya biashara mawili, rangi mbili, dawa moja. Moja alipewa spitali. Nyengine alinunuliwa dukani na mwanawe aliyeona ile ya kwanza "haifanyi kazi". Bibi ni mtiifu, alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi. Sikumlaumu mtoto, kama angekuwa hampendi mama yake asingeingia dukani. Nilimwita daktari, akaiondoa moja, akampangia kurudi kupimwa presha tena, kulala na kusimama.

Baada ya kunywa maji na uji nikamtembeza. Nina alama ya plasta sakafuni, mita 3 kutoka kwenye kiti. Mtu ananyanyuka, anakwenda mpaka kwenye alama, anageuka, anarudi, anakaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi namtazama kwa jicho jengine. Bibi alitumia karibu mara mbili ya hizo, na penye kugeuka alichukua vihatua vidogo vidogo kama anapita juu ya mawe ya pwani. Isitoshe alikuja na bakora ya marehemu mumewe, ndefu, inamfika mbavuni. Bakora ya namna hiyo humsukuma mtu nyuma. Kimo sahihi ni pale penye mkunjo wa kifundo cha mkono, mikono ikiwa imening'inia na viatu miguuni. Tukaikata hapo hapo, kwa idhini yake, maana ile ni kumbukumbu. Msumeno wetu unafanya kazi kuliko ile mashine ya umeme tuliyoletewa kwa hotuba ndefu na ambayo waya wake hadi leo hatujauona.

Ugomvi ulikuja niliposema bibi arudi nyumbani jioni hiyo. "Mama alale hapa apumzike," mtoto akasema. Nikamwambia, kaka yangu, humu usiku pana mtu anapiga kelele, taa haizimwi, na choo kiko mwisho wa ukumbi. Mama yako atapumzikia wapi? Nikampa kazi badala yake. Ndara zile zinazochopoka aziache, avae kiatu chenye mkanda nyuma ya kisigino. Mkeka uliokunjamana ukingoni uondolewe njiani. Mti wa mvinje upigwe misumari kutoka mlango wa chumba mpaka msalani, kimo cha kiuno, aushike. Kiti cha plastiki kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya shimo la choo, na usiku kwenye ndoo. Asubuhi na jioni anyanyuke kutoka kwenye kiti mara kumi, mtu kasimama ubavuni, mikono haimshiki. Hapa ndipo familia hushindwa. Bibi akisogea kidogo tu, watu watatu wamemdaka: kaa, kaa, tutakuletea. Wanamletea chai, sahani, mpaka mswaki, na baada ya mwezi wananirudishia wakishangaa miguu imekwenda wapi.

Si kila mmoja namtetea arudi. Mzee kaanguka, mguu mmoja umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje, hawezi kuunyanyua: hapo nyonga yapasa kudhaniwa imevunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Nawaomba sana, msimchue, msimvute, msimpeleke kwa muungaji mifupa kwanza. Mlazeni, egemezeni mto kando ya mguu, mleteni. Mwengine itabidi avuke kwenda Unguja, na siku moja baada ya upasuaji, kama daktari aliyempasua hakukataza, mtu kama mie atamsimamisha, na nyinyi mtanichukia. Sawa.

Na yupo yule anayeletwa kwa sababu kabadilika ghafla: jana alikuwa anajua majina ya wajukuu, leo usiku anagombana na watu wasiokuwepo, au kazubaa tu haongei. Nyumbani watu husema ni shetani. Sina ugomvi na anayemsomea Qur'ani pembeni ya kitanda, na mara nyengine mzee mwenyewe hutulia akiisikia. Lakini mabadiliko ya siku moja au mbili kwa mzee mara nyingi ni homa, mkojo uliozuilika, haja kubwa iliyoganda, au dawa mpya. Sampuli ya mkojo na kisomo havigombani. Kisichofaa ni kumfunga kitandani. Mpeni miwani yake, mwambieni ni saa ngapi, mfungulieni dirisha, na mchana mkalisheni.

Mkimleta wenu, basi, njooni na dawa zote, hata zile za fundo la kanga. Njooni na viatu vyake na bakora yake. Na mleteni anayeishi naye. Kama ni mtoto wa darasa la nne, msimwache eti kesho ana skuli. Mie nitamwandikia mwalimu wake barua.