Viza ya Schengen walininyima mara ya kwanza, mara ya pili nikaomba mwenyewe

Mi nina duka la vitenge Makoroboi hapa Mwanza na vyerehani viwili kule nyuma, kwahiyo sina mwajiri, sina salari slipu, sina barua ya likizo, na hapo ndo palikuwa pananitisha tangu dada yangu ajifungue aanze kunisumbua niende nikamuone mtoto. Dada kaolewa Bremen, Ujerumani, miaka saba sasa, na Ujerumani imo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kichwani mwangu viza ni mambo ya watu wa ofisini, sisi wa sokoni mpaka upitie kwa mtu.

Basi nikapitia kwa mtu. 2023 hiyo. Jamaa yuko Dar, tunaongea WhatsApp tu, laki sita yake mbali na ada ya ubalozi ambayo kipindi hicho ilikuwa yuro 80. Akaniambia dada'angu, Ujerumani wagumu wale, tuombe nchi nyingine ya Schengen, ukishaingia unapanda treni unaenda zako kwa dada yako, nani atakuuliza. Na sababu ya safari tuandike utalii. Akanitengenezea bukingi ya hoteli siku kumi, na ratiba ya kuzunguka makumbusho ambayo hata majina yake ulimi unakataa, halafu akasema kwenye akaunti pasome angalau milioni nane ndo wanakuona mtu. Mi akaunti yangu ya benki inacheza laki nne, laki saba, msimu ukiwa mzuri milioni na kitu, maana hela yangu nyingi inapita kwenye simu. Nikakopa kwa shemeji milioni saba, nikaiweka Jumatatu, Alhamisi nikaenda kuprinti stetimenti. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya miadi nilikuwa nimevaa vizuri, bahasha imejaa. Dada wa dirishani ni Mtanzania mwenzetu, tukasalimiana vizuri tu, akaanza kuipitia stetimenti mstari kwa mstari na ncha ya kalamu, akafika kwenye ile milioni saba kalamu ikasimama, akarudi juu, akashuka tena, akaendelea. Hakuniuliza chochote kuhusu hela. Akaniuliza, "Dada, unaenda kutembelea nini hasa?" Nikataja makumbusho ya kwanza, ya pili ikanipotea kabisa. Akauliza, "Una ndugu yeyote Ulaya?" Sasa hapo ufanyeje? Nikasema ndiyo, dada yangu yuko Bremen. Na kwenye fomu nzima hakuna dada popote. Akasema haya, asante, na mimi nikajua nimeshaisha.

Pasi ilirudi na karatasi. Niliisoma juu juu nikaitupa kwenye droo, nikalia siku mbili, nikamrudishia shemeji hela yake. Ada hairudi, hiyo sahau.

Miezi imepita ndo binti wa jirani, yuko chuo, akaniambia mama hebu tuisome hiyo karatasi vizuri. Kumbe ile karatasi nchi zote za Schengen wanatumia ya aina moja, sababu zimeshaandikwa wao wanaweka alama tu kwenye kiboksi. Yangu ilikuwa na alama tatu: sijathibitisha lengo la safari, maelezo niliyotoa hayaaminiki, na wana mashaka kama nitarudi nyumbani muda ukiisha. Hakuna mahali pameandikwa hela haitoshi! Nilikaa kimya nikaiangalia. Milioni saba ya mtu nimeizungusha, roho juu wiki nzima, na tatizo lao halikuwa hata hilo la kiasi, tatizo ni kwamba makaratasi yanasema hivi na mdomo unasema vile, na hela imetua juzi haina mama wala baba.

Tukaanza kusoma na yule binti, jioni nikifunga duka. Cha kwanza nilichojifunza, unaomba kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda kukaa siku nyingi zaidi, huchagui iliyo rahisi. Mimi siku zangu zote ni Bremen, kwahiyo ni Ujerumani, basi. Pili, wakishakuchukua alama za vidole zinaingia kwenye mfumo mmoja wa nchi zote za Schengen, zinakaa karibu miaka mitano, na kunyimwa kwako kupo humo. Kwahiyo ile ya kuhama ubalozi ukajifanya hujawahi kuomba ni kujidanganya. Tatu, viza ya muda mfupi inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na usichelewe chini ya siku 15, majibu kawaida ndani ya siku 15 ila wakitaka kuchunguza zaidi inaweza kufika 45. Na Uingereza haimo Schengen, nasema hili kwa sababu kuna mteja wangu alikuwa anapanga kutoka Berlin akapitie London kwa mjomba wake na viza hiyohiyo.

Nikampigia dada nikamwambia safari hii tunaenda na ukweli mtupu. Yeye na mumewe wakaenda ofisi ya wageni ya kule na salari slipu zao, wakalipa yuro 29, wakapewa hati moja jina lake linavunja ulimi, Verpflichtungserklärung. Watu wanaichanganya na barua ya mwaliko lakini hii ina meno: aliyesaini anakubali mbele ya serikali kwamba gharama zako zote ni zake, kula, kulala, matibabu, hata gharama ya kukurudisha kwenu ukigoma kuondoka. Shemeji yangu yule Mjerumani nilimheshimu siku hiyo. Original ndo inatakiwa, sio picha ya WhatsApp, ikaja na mtu aliyekuwa anarudi likizo.

Halafu ikatakiwa nionyeshe kwamba huyu kweli ni dada yangu. Rahisi si ndiyo, vyeti vya kuzaliwa viwili. Tunaviweka pamoja mezani, cha kwangu mama ni Elizabeth, cha dada mama ni Elizabeti na jina la ukoo limekosewa herufi moja. Cheti kimekaa sandukuni miaka yote hiyo hakuna aliyeona! Nikaenda kwa wakili mama akala kiapo kwamba majina yote mawili ni yeye, kikagongwa muhuri. Nawaambia mkalinganishe majina kwenye vyeti vyenu leo hata kama huna safari, maana hili lilinila wiki mbili.

Upande wa biashara ndo nilitumia muda mwingi na ndo naona wengi wetu tunajikatia tamaa bure. Nilikusanya leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipa kodi), tax clearance ya TRA (hati ya mamlaka ya mapato kwamba sidaiwi kodi), usajili wa jina la biashara BRELA, mkataba wa fremu, stetimenti ya benki ya miezi mitatu kama ilivyo na ulaini wake wote, na stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita. Ile ya M-Pesa ilikuwa nene kama kitabu cha hadithi. Juu yake nikaweka barua ya ukurasa mmoja: nauza nini, msimu wangu ni lini, nalipa mafundi wawili, kwanini benki pamekauka na simu inafanya kazi. Nikachagua tarehe za safari Oktoba mwishoni mpaka Novemba, mwezi mmoja, na nikaeleza kwamba Desemba ndo mwezi wa kuuza vitenge, nisipokuwepo dukani Krismasi nimekula hasara ya mwaka. Nikaweka na risiti za ada za watoto wangu wawili na cheti cha ndoa.

Na nikaandika kuhusu 2023. Mume wangu alisema usiamshe aliyelala, binti wa jirani akasema mama, wao hawajalala, wanaiona kwenye kompyuta. Nikaandika mistari minne tu: niliomba mwaka jana kupitia ejenti, nilitaja utalii wakati nilikuwa naenda kwa dada, ile milioni saba ilikuwa mkopo na nimeshaurudisha, safari hii kila kitu nimejaza mwenyewe.

Vingine ni vya kawaida, nitavitaja haraka. Pasi iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka Schengen, iwe na kurasa mbili tupu, isizidi miaka kumi tangu itolewe. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na siku zako zote, inajumuisha kukurudisha nyumbani hata ukiwa maiti (mama aliposikia hili akasema usinunue hiyo). Tiketi usilipie kabla ya viza, peleka bukingi tu. Picha milimita 35 kwa 45. Ada ilikuwa imepanda tangu Juni 2024 kuwa yuro 90, kwa rate ya siku ile laki mbili na ushee.

Septemba 2024 nikashuka basi mpaka Dodoma, pale nikadandia SGR, ile treni ya umeme, ndo kwanza ilikuwa mpya, Dar nikafika hata miguu haijavimba. Mahojiano hayakufika dakika kumi. Aliyenihoji aliuliza mtoto wa dada ana umri gani, duka nani anabaki nalo, kwanini mwaka jana nilikataliwa. Nikajibu kama ninavyoongea na nyie hapa, sikuwa na cha kukariri.

Siku 12 baadaye nikapata viza. Sasa hapa pia kuna mtego. Stika inasomeka kuanzia 24 Oktoba mpaka 7 Desemba, binti yangu akashangilia, mama umepewa mwezi na nusu! Hapana, soma chini yake, muda wa kukaa siku 30. Zile tarehe ni mlango tu, wanaongeza siku 15 za akiba ndege ikisogea, lakini kukaa ni siku 30, ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Na idadi ya kuingia ni 01, maana yake ukitoka nje ya Schengen hata kwa siku moja mlango umefungwa. Kuna watu wameharibu rekodi zao kwa kusoma mstari wa juu tu.

Frankfurt uwanjani yule askari wa mpakani naye aliuliza unaenda wapi, kwa nani, unarudi lini. Faili langu nililibeba mkononi, sikuliweka kwenye begi la chini, nikatoa hati ya dada na tiketi ya kurudi, akagonga muhuri. Mtoto nilimkuta ameshaanza kutembea, ananikimbia.

Nimerudi 20 Novemba, siku mbili kabla. Yule jamaa wa Dar aliona status yangu niko stesheni ya Bremen na koti la shemeji linaburuza chini, akaniandikia, "Hongera dada'angu, si unaona nilikwambia tutafika." Sijamjibu mpaka leo.