Ndago, mbigili na ukoka: kumbukumbu ya uwanja wa nyumbani, Nzuguni

Julai

Kazi inaanza mwezi huu. Watu wengi hapa mjini hushika jembe Januari, magugu yakiwa yameshajaa na udongo umelowa, kisha wanashangaa kwa nini kila wanachong'oa kinarudi kimeongezeka. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Jua hilo ndilo nimeamua liwe dawa yangu ya kwanza.

Uwanja wenyewe uko mbele ya nyumba, unatosha watoto kucheza mpira. Nautaka uwe wa kijani kwa sababu ya vumbi. Anayeishi huku anajua upepo wa Agosti unavyoingiza udongo mwekundu mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Nyasi za ukoka nitakazopanda zikishika ardhi, vumbi linapungua ndani ya nyumba, na watoto wanapata mahali pa kukaa jioni.

Magugu yapo ya aina nyingi, lakini yanayonisumbua ni mawili: ndago na mbigili. Kishonanguo, kongwa na mchicha pori haviniumizi kichwa. Unaving'oa udongo ukiwa na unyevu, vimekwisha. Ndago zililetwa na lori la udongo mweusi wa bondeni, uliomwagwa hapa wakati wa kusawazisha kiwanja. Ulikuwa udongo mzuri kwa macho. Mvua ya kwanza tu, uwanja mzima ukatoa majani membamba yanayong'aa, na ni sisi pekee mtaa mzima tuliopata neema hiyo. Mbigili hazikuhitaji kuletwa na mtu, zipo Dodoma yote, pembeni mwa barabara na kwenye kila kiwanja ambacho hakijajengwa.

Anayetaka kuijua ndago achimbe moja taratibu, asiivute. Bua lake lina pembe tatu, ukilizungusha kati ya vidole unazihisi kingo. Chini ya bua kuna uvimbe mdogo, na kutoka hapo unatoka uzi mgumu, mweusi, unaokwenda pembeni mpaka kwenye kiazi chenye ukubwa wa punje ya karanga. Kiazi hicho nacho kina uzi unaokwenda kwenye kingine, na kingine. Viazi vingi viko kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, vichache vinazama zaidi. Kila kiazi kina macho kadhaa ya kuchipua, na mengi yamelala. Ukivuta majani kwa nguvu, uzi unakatika, viazi vinabaki, na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka kwa sababu kilichokuwa kinavizuia kimeondoka. Wataalamu wa magugu wameiweka ndago miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani, wengine wakiipa nafasi ya kwanza kabisa. Baada ya kuufuata uzi mmoja kwa mikono yangu, nawaamini.

Mzee jirani yangu, Mgogo aliyelima maisha yake yote, aliniona nimechuchumaa akasogea ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiangazi hiki unachimba nini?"

"Ndago, mzee."

"Usizikate shingo. Ukizikata shingo umeziita."

Agosti

Nimemweka kijana wa kunisaidia, tunachimba kwa uma, si kwa jembe. Jembe linakata viazi na kuvitawanya, uma unavinyanyua vikiwa vimeshikana. Tunakwenda kipande kwa kipande. Udongo tunaochimbua tunaupitisha kwenye wavu wa kuchekechea mchanga, ule wa mafundi ujenzi, tumeuegemeza kwenye fito mbili. Udongo unapita, viazi na nyuzi vinabaki juu.

Kazi hii ni ngumu, sitaificha. Udongo wa chini umekauka ukawa kama tofali la kuchoma, na sehemu nyingine inabidi kumwaga maji kidogo jioni ili uma uingie asubuhi. Lakini ukavu huohuo ndio unaofanya kazi iwe na maana. Viazi vya ndago vinavumilia mafuriko, vinavumilia kukatwakatwa, vinavumilia hata moto mwepesi wa kuchoma majani juu ya ardhi. Kukauka haviwezi. Tunavitandaza juu ya bati kuukuu, safu moja, bila kurundika, vinapigwa na jua kutwa na upepo unapita. Baada ya muda navunja kimoja kwa kucha. Kikiwa cheupe na kina majimaji ndani, bado kiko hai, naviacha. Kikiwa cha kahawia, kimesinyaa na kinavunjika kikavu, hicho kimekufa. Vikishakauka vyote navichoma pamoja na takataka. Kwenye shimo la mboji sivipeleki kabisa, na nimemkataza kijana kuvitupa nje ya ukuta, maana kule vitakunywa mvua na kurudi.

Sehemu tuliyokwisha kuchekecha tunaiacha wazi, udongo umevurugwa, ili viazi vilivyotuponyoka navyo vikauke.

Septemba

Wageni wengi wanaokuja nyumbani wananishauri kitu kimoja: piga dawa. Nimelifikiria kwa makini, kwa hiyo naandika sababu zangu.

Glaifoseti inaua kila chenye jani la kijani, ukiwemo ukoka. Kwa ndago inafanya kazi vizuri pale majani yanapokuwa na nguvu, wakati wa mvua, kwa sababu ndipo dawa inaposhuka mpaka kwenye kiazi. Kupuliza sasa, majani yakiwa yamekauka, ni kumwaga hela. Na hata wakati wa mvua, viazi vilivyolala bila jani havipati dawa, vinachipua baadaye. Hivyo nimeiruhusu mahali pamoja tu: katikati ya matofali ya njia ya gari, ambako uma hauingii. Zikichipua nitavaa glavu na kuyafuta majani kwa sponji yenye dawa, jani kwa jani, bila kupuliza.

2,4-D ndiyo ilikuwa na kishawishi zaidi. Inaua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, kwa hiyo mbigili ingekufa na ukoka ungebaki. Kwa ndago haina nguvu ya kuaminika. Lakini mzee ana zabibu upande wa pili wa ukuta, zimetambaa kwenye kichanja, na mzabibu ni miongoni mwa mimea inayoumizwa vibaya sana na dawa hii. Si lazima matone yafike. Baadhi ya aina zake hutoa mvuke kwenye joto, na mvuke huo ukichukuliwa na upepo unatosha. Majani mapya ya mzabibu yanatoka membamba, kingo zimechongoka, mishipa imebanana pamoja. Dodoma nzima ni nchi ya zabibu, kuanzia Makutupora, Hombolo hadi Mpunguzi, na upepo wetu hauombi ruhusa. Mtu mwenye bomba mgongoni aangalie kwanza nani yuko upande unakoelekea upepo. Mzee huvuna mara mbili kwa mwaka, na yale mavuno yanalipa ada za wajukuu. Siwezi kuyaweka hatarini kwa ajili ya uwanja wa mpira.

Chumvi na oili chafu, ambavyo nimeona watu wakimwaga kwenye viwanja vyao, sitaki hata kusikia. Vinaua magugu kwa kuua udongo, na baada ya hapo ukoka nao hauoti.

Novemba

Joto limepanda, mawingu yanajikusanya mchana na kuondoka. Tumesawazisha uwanja kwa reki, tukautilia samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka mzima. Hapa inabidi kuwa mkali: samadi mbichi inakuja na mbegu zote alizokula ng'ombe. Niliikataa ya kwanza kwa sababu ilikuwa na nyasi nzima ndani yake. Matandazo ya majani makavu sikuyatumia, mchwa wa huku wanayamaliza kabla hayajaleta faida.

Kabla ya kupanda nilipitisha pia blanketi kuukuu. Tulilitandaza, tukalikanyaga, tukaliburuta uwanja mzima taratibu. Tulipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umejaa miiba ya mbigili. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, kila kimoja kina miiba miwili mikubwa inayotazama juu namna yoyote kitakavyoanguka, na ndani yake mna mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua. Ndiyo maana zinatoboa matairi ya baiskeli na kandambili za watoto. Miiba yote imechomwa.

Desemba

Mvua imeshuka. Tumepanda ukoka.

Nilichagua ukoka na si zile nyasi za majani mapana zinazopendwa Dar es Salaam, kwa sababu ya maji. Maji ya bomba hapa kwetu ni ya mgao, na nyasi inayodai kunyweshwa kila siku haina haki ya kuwepo Dodoma. Ukoka unavumilia ukame, unakanyagwa na kuinuka, na unatambaa kwa vikonyo juu na chini ya ardhi. Mkulima wa mtama anaulaani kwa tabia hizohizo. Mimi nauhitaji hivyohivyo, kwa sababu ndago haipendi kivuli, na nyasi nene inayoziba ardhi inaipunguzia mwanga na kuinyima nafasi ya kutengeneza viazi vipya.

Vipando tulivitoa kwenye kiwanja kilicho jirani na kuviosha kimoja kimoja kwenye ndoo. Kijana aliona ni mambo mengi, mpaka alipopapasa tope la mizizi akakuta kiazi cheusi kimeng'ang'ania humo. Toka hapo anaosha bila kuambiwa. Kila kipando kina vifundo vitatu au vinne, viwili vinafukiwa, kingine kinabaki juu. Nafasi ni kama shibiri moja. Chini ya mwarobaini sikupanda kitu, ukoka unataka jua. Pale nitaweka kokoto.

Januari

Sasa ndiyo wakati wa kuhesabu majani. Ndago zimetoka, chache sana kuliko mwaka jana, lakini zipo. Chipukizi la ndago mwanzoni linaishi kwa akiba ya kiazi mama. Mpaka linapofikisha majani matano au sita, limekula akiba hiyo na bado halijatengeneza kiazi kipya. Ukiling'oa kabla ya hapo, kiazi kinalazimika kutoa chipukizi jingine kwa akiba iliyopungua. Ukichelewa, limeshaanza kulipa deni, na uzi mpya umeshatembea. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, asubuhi udongo ukiwa laini, napita na kisu chembamba, nakizamisha pembeni mwa bua na kuinyanyua yote. Zile zenye majani matatu hutoka na kiazi chake bila shida.

Mbigili nazo zimeanza kutambaa. Maua yake ya njano, petali tano, yanaonekana vizuri asubuhi. Hilo ndilo tangazo lake: tunda halijakomaa, ng'oa leo. Ina mzizi mkuu mmoja, ukiukata chini kidogo ya shingo mmea wote umekufa, tofauti kabisa na ndago. Zinachipua kwa awamu kila mvua inaponyesha, kwa hiyo naipitia kona moja leo na nyingine kesho.

Mama jirani huingia getini na ungo wake akachuma mlenda pori na mchunga unaoota kando ya ukuta. Hiyo nayo ni sababu ya kutopuliza. Kile ninachokiita gugu, kwake ni mboga ya jioni na ya kukausha kwa ajili ya kiangazi. Tumekubaliana ukanda ule ni wake, na anachuma kabla mbegu hazijapukutika.

Februari

Mvua imesimama, kama inavyofanya mara nyingi mwezi huu. Ukoka umepauka lakini haujafa. Naunywesha kwa nadra, ila kwa wingi, alfajiri, maji yazame chini na mizizi iyafuate. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunailisha ndago.

Machi

Mvua imerudi na ukoka umefunga sehemu kubwa ya uwanja. Tumeukata mara ya kwanza kwa mashine, tukiuacha na urefu wa sentimita 4 hivi. Sheria yangu ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja, kwa sababu nyasi iliyonyolewa mpaka ardhini inaachia mwanga kwa kila mbegu iliyolala. Baada ya kukata tuliweka mbolea ya kukuzia ya CAN kidogo, mvua ikaiyeyusha usiku uleule. Watoto wanacheza peku. Mwaka jana nisingewaruhusu.

Aprili

Panapobaki ni kona ya bomba. Koki inadondosha maji mchana na usiku, udongo pale haukauki, na ndago zimejaa kwa namna ambayo kisu hakitoshi. Nilijaribu kuzifunika kwa nailoni nyeusi nyepesi, ncha zake zikaitoboa. Sasa nimeweka turubai zito lililokunjwa mara mbili, limebanwa kwa mawe. Litakaa mpaka Julai. Fundi bomba nimeshamwita aje abadilishe koki kabla mvua hazijaisha, maana tukichimba kona ile ikiwa bado na majimaji, viazi havitakauka, na wavu na bati vitakuwa kazi bure. Ndago za kwenye njia ya gari zilizofutwa kwa sponji zimekauka. Mbili tatu zimechipua upya pembeni, nimezifuta tena wiki hii.