Milango ya Mji Mkongwe: kumbukumbu ya mradi, kaskazi hadi vuli

Mradi wenyewe ni huu: kupiga picha milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, Unguja, mtaa kwa mtaa, kila mlango kwa vipimo vilevile vya kamera, ili mtu akiweka picha mbili pamoja, tofauti anayoiona iwe ya milango yenyewe. Picha za milango hii zimejaa tele, kwenye kadi za posta na kwenye simu za wageni, na nyingi ni nzuri. Tatizo ni kwamba hii imepigwa asubuhi, ile jioni, nyingine ina wekundu, nyingine ubuluu, na mara mlango umeegama kama unaanguka. Ukitaka kujua baada ya miaka kumi kama nakshi ya mwimo fulani, ile nguzo ya pembeni ya mlango, imelika, picha hizo hazikusaidii.

Na milango inaondoka. Mji uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini chokaa na mawe ya matumbawe havisomi orodha. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mji mzima ukajua. Nyumba ndogo za vichochoroni huporomoka na mlango ukachukuliwa bila mtu yeyote kuandika chochote. Ndiyo maana naandika.

Ninachotumia: kamera ya Canon 80D ya mkono wa pili, lenzi ya milimita 18-55 (namba ndogo hunasa eneo pana, kubwa huvuta karibu), nyingine ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, stendi ya miguu mitatu, kadi ya kijivu, na baadaye flashi moja na kichujio cha kukata mng'ao.

Kaskazi: kupanga vipimo

Nilianza mtaa wa Hurumzi kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba, na kinachofanya kazi pale kitafanya kazi popote. Jambo la kwanza lilikuwa nafasi. Mlango wenye fremu yake hufika mita tatu kwenda juu, na mara nyingi ukuta wa mbele uko mita mbili na nusu tu. Kwa milimita 18, kamera ikiwa imesimamishwa wima, umbali huo unanasa mita tatu na kidogo. Inatosha kwa taabu. Kwa milimita 35 ningehitaji karibu mita tano, na mita tano unazipata Shangani na kwenye viwanja, si huku. Kwa hiyo kanuni ikawa: milimita 35 panapowezekana, 18 pasipowezekana, na jina la faili liseme ni ipi.

Tundu la lenzi nimelifunga kwenye f/8 (namba ikikua, tundu hupungua) na haligeuki. Nakshi ina kina. Ua lililochongwa kwenye mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mabawa mawili, hutokeza mbele ya bawa kwa sentimita kadhaa, na misumari ya shaba hutokeza zaidi. Ukisogea karibu, kwa f/3.5 ncha ya msumari ni kali na ubao nyuma yake umelegea. Kwa f/8 vyote viko sawa. Kwenda f/16 hakuongezi kitu kwa kamera yenye sensa (kipande kinachonasa mwanga) ndogo ya megapikseli 24, maana mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima huanza kulainika.

ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ni 100. Hapo kinachobaki kucheza ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaachiwa kuingia, na ndivyo ninavyotaka: kitu kimoja tu kibadilike. Kichochoro chenye kivuli kizito, kwa f/8 na ISO 100, kinataka kama sekunde 1/15. Kwa jua kamili mlango uleule unataka 1/400. Hizo ni karibu hatua tano za mwanga, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia, kati ya upande mmoja wa mtaa na mwingine. Mkono hauwezi kutulia kwa 1/15, ndiyo maana ya stendi, pamoja na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Kitulizi cha lenzi nakizima ikiwa juu ya stendi.

Halafu kipima mwanga cha kamera. Hiki kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mlango wa msaji uliokoza, umezungukwa na ukuta mweupe wa chokaa: kikiuona ukuta zaidi, kinaupunguza mwanga mpaka nakshi inazama gizani; kikiuona mlango zaidi, kinauongeza mpaka mti mweusi unakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mlango mmoja, hatua mbili mbele kisha hatua mbili nyuma, na kamera inakupa picha mbili zisizofanana. Kwa hiyo naweka kadi ya kijivu juu ya ubao wa mlango, kwa idhini ya mwenyewe, napima pale, naweka kamera kwenye M, ili vipimo nivichague mimi, naondoa kadi, napiga. Kisha natazama histogramu, mchoro wa mgao wa giza na mwanga kwenye picha. Nikiona sehemu za ukuta zinawaka na kuzima kwenye skrini, maana yake chokaa imeungua, basi napunguza theluthi moja ya hatua. Chokaa ikipoteza madoa yake na nyufa zake, nusu ya historia ya mlango imekwenda nayo.

Rangi nayo ni hivyohivyo. Ukiiachia kamera ichague weupe yenyewe, itabadilisha kila picha. Kichochoroni mwanga haushuki moja kwa moja kutoka mbinguni, unagongagonga kuta kwanza. Ukuta wa mbele ukiwa umepakwa manjano, mlango unakuja na manjano. Napiga picha ya kwanza kadi ikiwa mle ndani, zinazofuata bila kadi, zote RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalisahihisha), na nyumbani nasahihisha mtaa mzima kwa kadi yake.

Masika: rangi, na mafuta

Mvua zilipoanza nilidhani kazi itasimama. Imekwenda vizuri kuliko kaskazi. Wingu zito ni mwanga mwororo usio na kivuli, na mbao zilizoloa zinatoa rangi yake yote: mvule una udhahabu, msaji una wekundu uliofifia, na pale ambapo mwimo mmoja ulibadilishwa miaka ya karibuni unauona papo hapo, kwa sababu rangi zake hazikukaa pamoja. Sasa kila mlango una picha mbili rasmi: moja ya rangi, ya siku ya wingu, na moja ya nakshi, ya siku ya jua. Wingu huua kina. Ukitazama mlango wa duara juu, wa mtindo ulioingia na athari za Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, maua na majani yake chini ya wingu yanaonekana kama yamechorwa kwa kalamu.

Milango inayotunzwa hupakwa mafuta, na mafuta hung'aa. Hapa kichujio cha kukata mng'ao kimejilipa gharama yake. Unakizungusha taratibu huku unatazama, na ghafla utando mweupe unaondoka juu ya mti, mishipa ya mbao inatokeza. Lakini angalia shaba: hakiigusi. Mng'ao unaorudi kutoka kwenye chuma kitupu haukatiki kwa kichujio hiki. Kwa hiyo msumari unabaki na nuru yake, na kutu ya kijani iliyozunguka shina lake, pale mvua inapokaa, inaonekana wazi kabisa. Picha ninayoipenda kuliko zote mpaka sasa ni ya msumari mmoja tu: ncha yake imesuguliwa na mikono na mabega mpaka ikawa kama kioo, na chini yake duara la kijani limeingia kwenye mti.

Kichujio kinakula mpaka hatua mbili za mwanga. 1/15 inakuwa 1/4. Kwa mlango si kitu, lakini anayepita na baiskeli anaacha utepe. Nasubiri apite. Mtu akija na mkokoteni nafunga stendi nampisha, njia ni yake.

Kwa fundi

Mzee mmoja niliyemkuta barazani kwake aliniuliza natafuta nini kwenye mlango wake.

"Shikamoo babu. Napiga picha nakshi, kwa kumbukumbu."

"Marahaba mwanangu. Basi nenda kwa mchongaji akufundishe kuitazama kwanza."

Nikaenda. Fundi alinipokea, akanipa kigoda, akaendelea na kazi yake. Karakana ina dirisha moja tu, na ubao ameuweka ubavuni mwa dirisha, si mbele yake. Nilimuuliza kwa nini. Akanyanyua mkono akauzuia mwanga: nakshi ikapotea. Akauondoa: ikarudi. "Mimi nachonga kivuli," alisema. "Patasi naifuatisha kwa kivuli chake." Baada ya hapo nilibadilisha karibu kila kitu kuhusu wakati wa kupiga, ingawa vipimo vya kamera havikuguswa.

Nilipiga picha zake pia, kwa lenzi ya 50, tundu f/2.8, ISO ikipanda kadiri kasi inavyopanda. Kwa 1/30 chembe za mbao zinaacha mistari na mkono unafifia. Kwa 1/250 nyundo inasimama hewani na kila chembe inaonekana. Nimeziweka zote mbili, kila moja ina ukweli wake. Kuhusu uso wake: chumba kina giza, ngozi yake ni nyeusi, na kamera ikiachiwa inajaribu kuving'arisha vyote viwili mpaka ngozi inapauka na kuwa ya majivu. Nilishusha theluthi mbili za hatua. Weusi ukarudi na mng'ao wa jasho kipajini ukabaki. Kwa wanaopiga picha watu wetu, kitufe hiki cha kuongeza na kupunguza ni cha kukijua kwa kidole, bila kutazama.

Kusi: jua la kaskazini

Hili sikuliona limeandikwa kwa ajili yetu, kwa hiyo naliandika kirefu. Unguja iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Milango inayotazama kaskazini inapigwa na jua, na ile inayotazama kusini haipati hata chembe yake. Desemba inageuka: jua liko kusini, juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Basi nimeipanga orodha yangu yote kwa mwelekeo wa mlango, na Juni na Julai nimefanya ya kaskazini peke yake.

Kuna milango iliyozibwa na maghorofa pande zote, jua haliifikii msimu wowote. Hiyo nimeipiga kwa flashi, kamera na flashi vikiwa vimetenganishwa: flashi naiweka karibu na ukuta, pembeni ya mwimo, mwanga ukiteleza juu ya ubao. Kasi 1/125 badala ya 1/15, ili mwanga wa kichochoro upungue hatua tatu na ule wa pembeni ndio utawale. Kwenye kizingiti cha juu cha mlango mmoja huko Kiponda, maandishi ya Kiarabu yamelika mpaka wenye nyumba wenyewe walidhani ni mapambo tu. Kwa mwanga wa pembeni Bismillahi ilisimama, neno kwa neno, na mwishoni tarakimu za mwaka wa Hijria, mbili zikisomeka na mbili zimeliwa. Mama mwenye nyumba aliitazama kwenye skrini, akaita watoto wote washuke.

Vuli: adhuhuri

Kila kitabu cha kupiga picha kinakuambia kimbia jua la mchana. Kwa milango hii mimi nalifuata. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua linapita utosini hapa Unguja. Kwa dakika chache linashuka wima ndani ya kichochoro, na kwa kuwa mlango umesimama wima pia, mwanga unateremka juu ya uso wake kama dirisha la fundi lililogeuzwa. Kila petali ina kivuli chake chini. Mwelekeo wa mlango haujalishi tena.

Saa yake naipata kwenye ratiba ya sala. Adhuhuri huingia jua linapopinduka, kwa hiyo dakika kumi na tano kabla ya adhana ndiyo nafasi yangu. Oktoba ni kama saa sita na dakika kumi, Machi imesogea mpaka saa sita na nusu na ushei. Nafika mapema, nasimamisha stendi, kamera katikati ya urefu wa mlango, kipima usawa cha kwenye skrini kikiwa kijani, kwa maana kamera ikiinamishwa juu hata kidogo miimo inakimbiliana. Nakuza skrini mara kumi, nalenga kwa mkono kwenye msumari wa katikati, nasubiri. Kizingiti cha juu kikiwa kimetokeza sana, kivuli chake hufunika sehemu ya juu ya bawa. Hapo napiga tatu mfululizo, ya kati, ya kupunguza hatua mbili na ya kuongeza hatua mbili, nichague nyumbani.

Hali ya sasa

Hurumzi na Kiponda zimekwisha, rangi na nakshi. Shangani ina rangi tu. Malindi sijaigusa, na kule milango mingi imekaa karibu na bahari, chumvi imekula shaba, kwa hiyo itapata picha za karibu zaidi. Kila mwenye nyumba aliyenikubalia ninampelekea nakala moja ya karatasi, na nyuma yake nimeandika tarehe na vipimo vyote, ili atakayekuja kupiga tena asimame palepale.

Kadi ya kijivu imeshika madoa ya jasho na haiaminiki tena. Nitaibadilisha kabla ya Desemba, maana hapo inaanza zamu ya milango inayotazama kusini, na orodha yake ni ndefu.