Ukurasa usiotoa sauti

Kabla ya kusoma Nodame Cantabile, manga yaani kitabu cha katuni za Kijapani, mi muziki wa klasiki niliujua kama ule unaopigiwa kwenye simu ukiambiwa subiri utahudumiwa, basi. Sikuuchukia, ila haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu anakaa chini makusudi kuusikiliza.

Nikaanza kusoma hiyo manga ya Tomoko Ninomiya kwa ajili ya vichekesho tu. Nodame ni binti anayepiga piano kwa kusikia zaidi kuliko kusoma noti, na chumba chake ni takataka tupu, halafu jirani yake Chiaki ni kijana nadhifu, mkali, anataka kuongoza okestra ila anaogopa kupanda ndege kiasi kwamba hawezi kutoka Japani kwenda kusoma Ulaya. Mwanzoni kabisa Chiaki anazinduka katikati ya lile jalala na kumkuta Nodame anapiga sonata (muziki wa ala wenye sehemu kadhaa) namba 8 ya Beethoven, ile Pathétique, sehemu ya pili. Anaipiga anavyojisikia yeye, mara haraka mara polepole, na Chiaki, ambaye mtu mwingine akipiga hivyo angeshamkaripia, ananyamaza anasikiliza.

Nilikwama pale. Naangalia vidole, naangalia uso wa Chiaki, naona kabisa kuna kitu kizuri kinatokea ila mimi sisikii kitu, karatasi ni karatasi. Iliniuma jamani, ni kama watu wako chumba cha pili wanafurahi na we mlango umefungwa.

Nikaingia YouTube hapo hapo. Sehemu ile inaitwa Adagio cantabile, yaani polepole, kwa namna ya kuimba, na ndo nikaelewa lile neno kwenye jina la manga limekaa pale kwa nini. Beethoven aliichapisha 1799, hajatimiza hata miaka 30, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Wimbo wenyewe ni mwepesi kabisa, unaweza kuuimba kwa mdomo, unaondoka unarudi, ila ukirudi mara ya mwisho vile vinoti vya chini yake vinaanza kwenda tatu tatu na kitu kilichokuwa kimetulia kinaanza kutembea. Niliirudia sijui mara ngapi usiku ule.

Baada ya hapo ikawa ndo mtindo, nasoma, nafika kwenye jina la muziki, nasimama, natafuta. Sonata ya Mozart ya piano mbili, ya 1781, Chiaki na Nodame wanaipiga pamoja, na kwenye rekodi niliyoipata piano moja inasikika kushoto nyingine kulia, kwa hiyo ukivaa hedifoni unakaa katikati yao wanajibizana. Hiyo kitu ni raha, sijui nisemeje.

Halafu nikakutana na manga nyingine, Your Lie in April ya Naoshi Arakawa. Kousei ni mpiga piano ambaye tangu mama yake afariki hasikii tena sauti ya piano yake mwenyewe, vidole vinagonga, sauti inapotea, kama yuko chini kabisa ya bahari. Sasa fikiria unasoma hiyo kwenye ukurasa ambao na wewe husikii! Tulikuwa mimi na yeye, wote viziwi, na hakuna muvi wala rekodi inayoweza kukupa hali hiyo, ni manga tu.

Humo humo binti aitwaye Kaori anapiga sonata ya Beethoven iitwayo Kreutzer kwa violini kwenye mashindano, nikaitafuta na yenyewe, nikakuta kwamba Beethoven aliitunga kwa ajili ya George Bridgetower, mpiga violini mwenye asili ya Kiafrika kwa upande wa baba, na waliipiga wote wawili Vienna mwaka 1803. Baadaye wakagombana, Beethoven akalitoa jina la Bridgetower akaweka la mpiga violini mwingine, Rodolphe Kreutzer, ambaye inasemekana hakuwahi hata kuipiga. Hasira niliyopata! Mi mpaka leo nikiisikia naiita ya Bridgetower.

Kuna watu wanaona kuingia kwenye muziki huu kwa kupitia michoro ni kama kuingia kwa dirisha. Mi sikubali. Rekodi zilikuwepo siku zote na hazikuniambia kitu, ila Chiaki aliponyamaza vile ndo nikajua kwamba noti zilezile mkono huu na mkono ule si kitu kimoja, na sasa hivi sonata moja naisikiliza kwa wapigaji watatu wanne ili nisikie wanapoachana.

Juzi nimefungua tena ule ukurasa wa Chiaki na Nodame, safari hii hedifoni iko masikioni na Pathétique inapiga. Picha zenyewe unazimaliza kwa sekunde chache tu, muziki bado, nikabaki nao pale pale bila kufunua ukurasa.