Mikato ya kibodi katika Vim: anza na terminali, kisha uende kwenye vimrc

Mtu huandika mstari sahihi kabisa wa mkato kwenye `~/.vimrc`, faili ya mipangilio ya kihariri cha maandishi cha Vim, akafungua Vim upya, akabonyeza kitufe, na hakuna kinachotokea. Anarudi kuukagua mstari ule mara tatu, nao hauna kosa. Kosa liko njiani. Kihariri kinachoendeshwa ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hakiioni kibodi yako. Kinapokea baiti tu, yaani namba ndogo ndogo, zile ambazo terminali imeamua kukipelekea. Kitufe ambacho terminali haiwezi kukitofautisha na kingine, Vim nayo haiwezi kukitofautisha, hata uandike nini.

Chukua Ctrl pamoja na herufi. Terminali hutazama namba ya herufi hiyo katika ASCII, jedwali la namba za herufi, ikabakiza biti tano za mwisho. S ni 83, kwa hiyo Ctrl+S hutoka ikiwa 19. I ni 73, hutoka 9, na 9 ndiyo Tab. M ni 77, hutoka 13, ambayo ni Enter. Alama ya `[` ni 91, hutoka 27, yaani Esc. Ndiyo maana ukiipa Ctrl+I kazi mpya, Tab nayo inabadilika, na ukigusa Ctrl+M umeigusa Enter. Ctrl+Shift+S hutoa 19 ile ile ya Ctrl+S, kwa hiyo usitegemee kuwapa kazi mbili tofauti. Baadhi ya terminali za sasa, kitty ikiwemo, zina utaratibu wa ziada unaotenganisha vitufe hivi, lakini ukiingia kwenye seva ya mbali kwa SSH huku tmux, programu ya kugawa terminali moja kuwa kadhaa, iko katikati, huo si msingi wa kujengea mazoea ya vidole.

Kabla ya kuchagua kitufe chochote, kipime. Kwenye Linux toa amri hii:

    showkey -a

Bonyeza kitufe unachokitaka, usome namba inayotokea, kisha utoke kwa Ctrl+D. Kama hakuna namba iliyotokea, kitufe kimekamatwa kabla hakijafika: labda na dirisha la terminali lenyewe (F11 kwa kawaida hupanua dirisha, Ctrl+Shift+C hunakili), labda na tmux, ambayo hujiwekea Ctrl+B. Kama namba ni 9, 13 au 27 peke yake, achana nacho.

Ctrl+S ina mkasa wake. Tangu enzi za mashine za teletaipu, baiti 19 ni ishara ya kusimamisha maandishi yanayotoka, na 17, yaani Ctrl+Q, ni ya kuyaruhusu tena. Skrini ikiganda baada ya Ctrl+S, hakuna kilichoharibika, bonyeza Ctrl+Q. Matoleo ya karibuni ya Vim huuzima utaratibu huo yenyewe, ila ya zamani hayauzimi, na seva nyingi bado zina ya zamani. Weka hivi kwenye `~/.bashrc`:

    [ -t 0 ] && stty -ixon

Sehemu ya `[ -t 0 ]` usiiache. Inahakikisha kuna terminali ya kweli kabla ya kuita `stty`, amri inayopanga tabia za terminali. Bila hiyo, kazi zisizo na terminali, kama kunakili faili kwa `scp`, zinaweza kukutolea ujumbe wa kosa la `stty`.

Sasa ndiyo wakati wa vimrc. Vim ina hali kadhaa, na mkato ni wa hali uliyoitaja tu. Kuhifadhi kwa Ctrl+S popote ulipo kunahitaji mistari mitatu:

    nnoremap <C-s> :update<CR>
    inoremap <C-s> <C-o>:update<CR>
    xnoremap <C-s> <Esc>:update<CR>gv

Hapa `C-s` ni Ctrl+S na `CR` ni Enter. Wa kwanza ni wa hali ya kawaida. Wa pili ni wa kuandika: `<C-o>` hukutoa kwa amri moja tu, kisha hukurudisha ulipokuwa ukiandika. Wa tatu ni wa kuchagua maandishi, na `gv` hurejesha uteuzi uliokuwapo. Napendelea `:update` kuliko `:w` kwa sababu huandika faili iliyobadilika tu. Tarehe ya faili ambayo hukuigusa inabaki kama ilivyo, na zana zinazokagua tarehe hazianzi kazi upya bila sababu.

Tumia `noremap` kila mara, labda uwe na sababu maalumu ya kutofanya hivyo. `nmap` ya kawaida huutazama upande wa kulia tena na kutafuta mikato mingine ndani yake. Wanaotaka kubadilishana nukta-mkato na nukta mbili huandika `nmap ; :` halafu `nmap : ;`, na kila kimoja kinamwita mwenzake hadi Vim ikatae kwa kosa E223. Ukiweka `nnoremap` mahali pa `nmap`, mistari hiyo miwili inafanya kazi bila shida.

Vitufe vya Ctrl vilivyo huru ni vichache, na karibu vyote Vim imeshavipa kazi. Nafasi kubwa iko kwenye kitufe kiongozi (leader), kile unachokibonyeza kwanza kabla ya herufi ya mkato. Cha asili ni `\`, ambacho kwenye kibodi nyingi kiko mbali na vidole. Kitufe cha nafasi ni bora zaidi: katika hali ya kawaida hufanya karibu kazi ile ile ya `l`, yaani kusogeza kishale kulia, kwa hiyo hupotezi kitu kikubwa.

    let mapleader = " "
    nnoremap <Space> <Nop>
    nnoremap <leader>h :nohlsearch<CR>
    nnoremap <leader>b :ls<CR>:b<Space>
    nnoremap <leader>q :update<Bar>bdelete<CR>

Mstari wa `mapleader` lazima utangulie, maana `<leader>` hubadilishwa papo hapo mkato unaposomwa. Mikato iliyo juu yake itabaki na `\`. Ule wa `<leader>b` huorodhesha faili zilizo wazi na kusubiri uandike namba. Kwenye `<leader>q`, ungeandika `|` badala ya `<Bar>`, Vim ingeona mkato umeishia hapo na kujaribu kutekeleza `bdelete` wakati ule ule inaposoma vimrc.

Usiandike maelezo mwishoni mwa mstari wa mkato. Vim huhesabu kila kilichopo hadi mwisho wa mstari kuwa vitufe vya kubonyezwa, na hata nafasi moja iliyosahaulika baada ya `<CR>` itasogeza kishale hatua moja kulia kila unapohifadhi. Maelezo yakae mstari wa juu.

Muda nao unahitaji uangalifu. Ukiwa na `<leader>w` na pia `<leader>wq`, ule mfupi utasita, kwa kuwa Vim inangoja kuona kama `q` inakuja. Kungoja huko kwa asili ni milisekunde 1000. Dawa ya kweli ni kutotunga mkato ambao ni mwanzo wa mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie nafasi kama kiongozi ndani ya `inoremap`: kila neno utakaloandika litakwama kidogo.

Kwa Alt, terminali nyingi hutuma Esc ikifuatiwa na herufi, na Vim ya ndani ya terminali mara nyingi haiutambui mpangilio huo mpaka uuelezwe:

    execute "set <M-j>=\ej"
    nnoremap <M-j> :move +1<CR>
    set ttimeout ttimeoutlen=50

Hapa `M-j` ni Alt+J. Mstari wa mwisho huipa Vim milisekunde 50 za kuamua kama Esc imekuja peke yake. Vishale vya kibodi pia huanza na Esc, kwa hiyo kuipa Esc yenyewe mkato katika hali ya kawaida kunaweza kuvivuruga.

Mkato ukigoma licha ya haya yote, na `showkey` inaonyesha baiti inafika, uliza:

    :verbose nmap <C-s>

Jibu hutaja kitufe hicho kinafanya nini sasa, pamoja na faili na mstari ulioweka mkato huo. Mara nyingi utakuta ni programu-jalizi iliyosomwa baada ya vimrc yako na kuandika juu yake. Jibu likiwa `No mapping found`, huenda mstari wako haukusomwa kabisa: tazama kama kuna kosa kwenye vimrc, na uhakikishe kwa `:echo $MYVIMRC` kwamba unahariri faili ambayo Vim inaisoma.