Siku moja maishani mwangu: kufunga na kulenga darubini elekezi

Saa 9 alasiri. Kazi ya usiku, kupiga picha za nyota, huanzia mezani. Darubini kuu ina urefu wa fokasi wa milimita 800. Elekezi, darubini ndogo inayofungwa pamoja na kuu ili kamera yake ifuatilie nyota na kusahihisha mwendo wa stendi, ina lenzi yenye kipenyo cha milimita 50 na fokasi ya milimita 200. Kamera zote mbili zina pikseli za mikroni 3.75. Zidisha pikseli kwa 206, ugawe kwa fokasi: kuu inapata takriban sekunde za tao 0.97 kwa pikseli, elekezi 3.9 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja). Tofauti hiyo si tatizo, maana programu ya kuongozea hukadiria kitovu cha nyota hadi sehemu ndogo ya pikseli. Adui ni kulegea.

Ndiyo maana hapa sina haraka. Pete mbili za kushikilia elekezi nazitenganisha kadiri bomba linavyoruhusu. Skrubu tatu za kila pete nazikaza kwa zamu, kidogo kidogo. Zenye ncha ya nailoni hubonyea, kwa hiyo nazirudia baada ya nusu saa. Kamera naifunga kwa uzi wa skrubu, si kwa kuichomeka tu na kuibana kwa skrubu moja. Kisha natikisa kila kiungo kwa mkono: kikicheza sasa, kitacheza usiku.

Saa 11 jioni. Nalenga mnara ulio mbali, zaidi ya kilomita moja, nikiliacha jua mgongoni. Ncha ya mnara ikikaa katikati ya darubini kuu, nasogeza skrubu za pete hadi ikae karibu na katikati ya elekezi. Karibu inatosha. Wengi hupoteza saa nzima wakitafuta ulinganifu kamili, kumbe hata nusu nyuzi ya tofauti haiharibu picha ikiwa mhimili wa stendi umelengwa vizuri kwenye ncha ya mbingu, yaani pale ambapo nyota huonekana kuzunguka.

Saa 1 usiku. Kusawazisha uzito, upande wa mashariki uzidi kidogo ili meno ya gia yabaki yamegusana. Waya zote nazifunga pamoja zisining'inie. Halafu nalenga mhimili wa stendi kwenye ncha ya mbingu.

Saa 2. Narekebisha fokasi ya elekezi kwa nyota halisi, kisha nakaza skrubu ya kufungia fokasi. Kalibresheni, yaani programu kujifunza nyota husogea vipi stendi ikisukumwa, naifanya karibu na ikweta ya mbingu (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), jirani na mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini. Karibu na ncha, mwendo wa mashariki-magharibi huonekana mdogo mno na vipimo hupotoka. Mwanga wa sekunde 2 kwa kila picha ya kuongozea: ukiwa mfupi sana, programu hukimbiza mtetemo wa hewa.

Saa 3. Jaribio ninaloliamini kuliko grafu ya programu ya kuongozea: picha 12 za dakika 5, bila kusogeza fremu kati ya picha. Nalinganisha ya kwanza na ya mwisho. Nyota zikihama polepole kuelekea upande mmoja ilhali grafu imetulia, elekezi na kuu zinapinda tofauti. Kuhama pikseli 12 kwa saa ni pikseli moja kwa kila picha, na nyota zinaanza kuwa mayai. Dawa ni kurudi kwenye pete, waya na bomba la fokasi, si kubadilisha mipangilio ya programu. Ila darubini ambayo kioo chake kikuu huteleza ndani, elekezi haiwezi kukiona kikisogea. Hiyo inahitaji kuongozwa kwa kijiprizma kinachochota mwanga wa darubini kuu yenyewe.

Saa 6. Darubini inageukia upande wa pili wa stendi. Uzito sasa unavuta kinyume, kwa hiyo narudia jaribio kwa picha tatu kabla ya kuendelea.