Mita 60 kutoka maji gani?

Mwezi Mei mwaka 2021 nilikuwa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, nikiwa na tepu ya mita 50, mabunda mawili ya hojaji zilizochapwa Dar es Salaam na barua ya kibali ambayo mwenyekiti wa mtaa aliisoma mara mbili kabla ya kunipa kijana wa kunisindikiza. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya mipango miji. Tasnifu yangu ilihusu nyumba zilizojengwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu ndani yake shughuli za kudumu za binadamu. Darasani jambo hilo lilikuwa jepesi mno: unachora ukingo wa ziwa, unachora mstari wa pili sambamba nao, kisha unahesabu mapaa yaliyobaki katikati.

Tatizo ni kwamba ukingo nilioutoa kwenye picha ya setilaiti ya miaka michache nyuma ulikuwa umezama. Ziwa lilikuwa limepanda kwa mvua za misimu iliyotangulia, na mahali ramani yangu ilipoonyesha mchanga wa kuanikia dagaa palikuwa na maji yaliyonifika magotini. Nikaamua kuanzia hapo maji yalipoishia asubuhi ile. Kijana alishika ncha ya tepu, nami nikarudi kinyumenyume nikipita kati ya vichanja vya dagaa, nikijua kwamba kwa tepu fupi kama ile ningelazimika kuvuta mara mbili.

Bibi mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alinitazama kwa muda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, unapima nini na maji yenyewe hayajatulia?"

Nilimweleza habari za mita 60 kwa ufasaha wote wa mtu aliyefaulu mtihani wa sheria za ardhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sitini kutoka maji gani? Haya ya leo, ya mwaka juzi, au yale ya mvua za baada ya Uhuru? Yale yalipanda kuliko haya, nami nilikuwa msichana mwenye akili zangu."

Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilimkasirikia, kwa sababu swali lake lilikuwa la msingi kuliko lolote kati ya yale yaliyokuwa kwenye hojaji yangu.

Mchana nilipanda daladala kwenda Ujiji, kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana pale mwaka 1871. Nilikuwa nimepaona mara nyingi tangu utoto, lakini siku hiyo nilipaona kwa macho mengine. Enzi zile maji yalikuwa karibu na mwembe unaosemekana walikutana chini yake. Leo mtu hutembea kitambo kizuri kutoka pale mpaka ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilizibua mlango wake wa mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka kwa mita kadhaa, na Ujiji ukaachwa mbali na maji yake. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma, tena nimeyaandika katika sura ya pili kama historia, bila kufikiri kwamba yaligusa mstari wangu wa sura ya nne.

Usiku nilimpigia simu msimamizi wangu. Alinyamaza kidogo, akasema nichore mistari mitatu badala ya mmoja, na kila mmoja niutaje kwa mwaka wake. Hilo lilimaanisha kuongeza wiki tatu ambazo sikuwa na fedha zake, na niliziishi kwa kulala kwa shangazi yangu aliyekaa Mwanga, mjini Kigoma, na kula mikebuka, samaki wa ziwa hilo, kila siku ya Mungu.

Kesho yake nilirudi Kibirizi na hojaji niliyoiongezea kwa kalamu swali jipya juu ya yote. Bibi aliacha dagaa wake, akapanda taratibu kupita nyumba za mbele, akavuka njia, akasimama kando ya ukuta wa choo cha jirani, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," alisema. "Mtumbwi wa baba ulifungwa hapa."

Nikamwita kijana alete kigingi.